Kama

Mto unaopita chini ya mji wao unaitwa Kama.
Mwezi Machi bado umelala, barafu juu, maji chini,
malori yanaukanyaga wala hauguni.
Labda ndiyo maana kila jambo la bustani hapa
huanza kwa jina lake:
kama jalidi haitarudi Juni,
kama Agosti haitaleta ukungu wa majani,
kama tutakuwapo.

Ghorofa ya nne. Dirisha moja tu la kusini.
Sinia lake linabeba vikopo kumi na vinne vya mtindi, safu mbili.
Cha kumi na tano huanguka;
walishajaribu.

Ilgizar, miaka thelathini na mmoja kiwanda cha saa,
bado anacho kibano chake na lenzi ya jichoni.
Anamimina mbegu katika bilauri ya maji ya chumvi:
zinazoelea ni maganda yenye kiburi,
zinazozama ndizo zina kitu ndani.
Anaziokota mojamoja, akipumua kwa pua,
utadhani atazitia ufunguo.

"Moyo wa Fahali," anasema. "Kumi. Wewe chukua vinne."
Nyanya la kilo nzima, lenye mikunjo mabegani, nyama tupu,
ukilikata halilii ubaoni.
"Linaiva lini?" anauliza Rufina.
Kimya.
"Linaiva lini, fundi saa?"

Yeye ana Wahi, mbegu ya dada yake wa Sarapul,
kijinyanya kama yai la kware, ngozi ngumu,
siku themanini na tano kimo mkononi.
Heri kenda shika, anasema,
kuliko kumi nenda uje ukute jalidi imekutangulia.
(Za pakiti hawazitaki tena. Mwaka juzi walinunua chotara:
msimu wa kwanza neema;
wa pili, kila mche ukaja na sura ya babaye.)
Wakagawana saba kwa saba, kwa hasira,
jinsi watu wanavyogawana blanketi.

Mwanga wa Machi ni wa kukopa.
Miche inarefusha shingo, inaegemea kioo.
Asubuhi, mume akishuka kununua mkate,
Rufina hugeuza sinia, vyake vije mbele.
Adhuhuri, mke akisinzia,
Ilgizar huligeuza tena.
Hakuna aliyesema. Mwezi mzima.
Hata Aprili, majani ya kweli yalipotoka mawilimawili,
jirani Venera akaja, akashika kiuno:
"Yangu imepinda kama kulabu.
Yenu mbona imesimama wima hivi?"
Wakatazamana.
Rufina akaenda kubandika birika ambalo lilikwisha chemka.

Juni, miche magotini, basi kilomita kumi na nane.
Julai, kunyofoa machipukizi ya kwapani, vidole vikawa vya kijani,
sabuni haisaidii.
Wahi ikaiva kwanza, kama ilivyoahidi. Wakaila kwa chumvi
na Ilgizar hakusifu, ila alirudia sahani.
Mioyo ikabaki mibichi, mizito, mikaidi,
hadi usiku wa mwisho wa Agosti jalidi iliposhuka
nao wakaichuma kwa tochi,
wakaitumbukiza ndani ya buti za sufu, gizani, iive ikitaka.

Oktoba, theluji. Buti zinahitajika.
Rufina anaingiza mguu, anagusa kitu baridi, laini:
moyo mmoja mwekundu,
katika buti lake, si la mumewe.

Waliukata. Ulikuwa chapwa.
"Mtamu," akasema Rufina, akaongeza chumvi.
Mbegu akazikamulia kikombeni, siku tatu zichachuke,
akaziosha, akazianika juu ya gazeti.
Ilgizar akaandika mwaka kwa penseli, herufi ndogo za fundi.
"Saba tena?"
Chini kule, kingo za mto zilikuwa zinaanza kuganda.
"Nane," akasema Rufina. "Kama."